Ng'ombe wa Masanja na Seli Zisizokoma

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye maabara ya mifugo Iringa, sikugusa hadubini. Niliosha vioo vya kuwekea sampuli. Ilikuwa miaka ya sabini, nimetoka kumaliza kidato cha nne, na nilikuwa na aibu kiasi kwamba nilisubiri Mkuu wa Maabara atoke ndipo nikamuuliza mhudumu choo kiko wapi. Mkuu aliporudi aliinua kioo kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha kwenye beseni.

"Binti, hiki umekiosha au umekisalimia tu?"

"Nimekiosha, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kioshe tena. Kioo kichafu kinasema uongo, na uongo wa hapa unaua ng'ombe."

Nilipanga chumba mtaa wa Mlandege. Asubuhi vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na maji ya beseni yalivimalizia. Nilichoka tangu wiki ile ya kwanza, na niseme kweli, sikumbuki siku niliyoacha kuchoka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ombe akivimba tezi chini ya sikio, unachoma sindano, unavuta majimaji kidogo, unayapaka kwenye kioo yawe utando mwembamba, unakausha, unatia rangi. Ndani yake unatafuta seli nyeupe za damu. Ukikuta zina madoa ya buluu, huyo ana ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Mkuu alinifundisha na jambo la pili la kutazama.

"Seli ikitaka kugawanyika, nyuzi zake za urithi zinajipanga katikati kama nyinyi kwenye paredi ya shule. Halafu zinavutwa, nusu huku, nusu kule. Moja inakuwa mbili. Kwa ng'ombe mzima utaona chache. Kwa mwenye ndigana kali, kila unakotazama zinagawanyika."

"Kwa nini, mzee?"

"Mdudu yumo ndani. Seli ikigawanyika na yeye anagawanyika, kila mtoto anaondoka na fungu lake la ugonjwa. Kwa nini haikomi, hilo mimi sijui. Osha vioo."

Baadaye nikahamishiwa Mbeya. Basi liliharibika Mafinga, tukashinda pale tukitazama lori la magogo mbele ya kiwanda cha mbao. Mnyororo uliofunga magogo ulikuwa umeshika kutu. Mzigo umefika, lakini haushuki. Mwisho mtu alikuja na nyundo akauvunja, magogo yakaachana. Sikujua kwamba siku moja nitauhitaji mnyororo ule.

Mbeya nilikuwa chini ya Daktari wa Mifugo, mtu wa maneno machache na hatua ndefu. Siku moja alinichukua kwenda bonde la Usangu, kwa mfugaji aliyeitwa Mzee Masanja. Alikuwa amehama na familia yake kutoka Usukumani, wakiswaga ng'ombe kwa miguu. Ng'ombe aliyeugua ndiye mama wa kundi lile. Karibu wote waliokuwa zizini walitoka tumboni mwake au tumboni mwa binti zake. Alikuwa amelala, anahema kwa shida, na kamba yake ameishika mtoto wa kike wa mzee, Minza.

Daktari alimshika sikio akaguna. Chini yake tezi ilikuwa imeungua, ngozi nyeusi.

"Nani kamchoma?"

"Mimi mwenyewe," alisema Masanja. "Uvimbe ukipata chuma cha moto unanywea. Hata baba yangu alifanya hivyo."

"Mzee, umechoma ushahidi."

"Nimechoma ugonjwa, daktari. Ushahidi ni wa mahakamani."

Hata daktari alicheka. Lakini tezi iliyoungua haina la kukuambia, seli zake zimekufa. Ikabidi tutafute nyingine mbele ya bega. Nilichoma sindano, nikapaka, nikatia rangi, nikaweka hadubini juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuelekeza kioo chake cha chini kwenye jua. Madoa ya buluu yalijaa. Na seli zilikuwa zinagawanyika, zinagawanyika, kila nilikotazama.

"Atapona?" Masanja aliniuliza mimi.

Nilimtazama daktari. Akasema, "Mwambie. Wewe ndiye umeona."

Wakati ule hatukuwa na dawa ya kumrudisha ng'ombe aliyefika pale. Nilisema huku nikitazama chini. "Huyu hatapona, baba. Wengine wapeleke joshoni leo, waogeshwe kupe watoke. Ukiwahamisha bila kuwaogesha watakufia njiani."

Alimwekea ng'ombe mkono shingoni.

"Kundi zima amelizaa yeye. Leo mwili wake unazaa mpaka unamuua. Ng'wana wane, mwanangu, kwa nini hauambiwi basi, inatosha?"

Niliinama nikafunga sanduku la hadubini. Masanja alilipeleka kundi joshoni jioni ile ile, likasalimika. Mama yao alikufa.

Nilitazama vioo mpaka macho yakaisha. Karibu na kustaafu kwangu, kijana mmoja wa maabara alitueleza mambo yaliyokuja kugunduliwa. Seli hutengeneza protini inayoamsha kugawanyika, kisha lazima iivunje. Isipovunjwa, seli inakwama katikati, kama lori lile la Mafinga. Ikivunjwa, zinaachana na kutulia. Kuna na breki za kuzuia kugawanyika, nazo pia ni protini. Mdudu wa ndigana huifanya seli ivunje mojawapo ya breki zake kila inapoitengeneza, basi haifi wala haipumziki. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa Usangu, juu ya ndoo.

Nilipostaafu nilikwenda Usangu. Masanja alikuwa ameshafariki. Minza, sasa mama mtu mzima, alinipa kibuyu cha maziwa ya mgando, nikamweleza yote polepole, na mnyororo wa Mafinga nikautia humo.

"Kumbe kuna kitu kilitakiwa kisivunjwe," alisema. "Na baba na chuma chake akachoma pasipohusika!" Tukacheka. Kisha akauliza, "Sasa dada, siku ile mbona hukumwambia?"

"Sikujua. Hakuna aliyejua, Minza."

Aliniongezea maziwa.

"Baba alisema unajua. Mpaka anazeeka alikuwa akituambia, yule binti wa Mbeya jibu analo, ila ana haya. Iko siku atalileta."

Niliweka kibuyu chini. Nje ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka joshoni, migongo imelowa, mmoja nyuma ya mwingine.

"Basi nimelileta," nilisema.