Chupa Zenye Msalaba

Barua ya dada yangu ya kuitwa chuo kikuu ilisomwa kanisani kwetu Ndithini kabla yeye mwenyewe hajamaliza kuisoma. Mama aliipeleka kwa mchungaji. Mchungaji alifika kwenye neno bioteknolojia, akapumzika katikati yake kama mtu anayepanda mlima, halafu akawatangazia waumini kwamba Bwana ametupa daktari. Watu wakapiga makofi. Kesho yake asubuhi jirani alikuja kwetu na mguu uliovimba.

"Mimi sisomei watu," dada akamwambia. "Nasomea vitu vidogo vyenye uhai. Mbegu, chachu, vidudu."

"Hata huu mguu uko na uhai," jirani akasema, akauinua zaidi ili auone vizuri.

Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, mahali nilipokuwa kila mgeni alipoingia bomani. Shule niliachia darasa la nane, na si kwa sababu ya karo tu. Mwalimu akiniuliza swali nilisimama, nikafungua mdomo, nikakaa tena. Kuandika naweza, ila polepole. Ukurasa mmoja kama huu hunichukua wiki. Mama husema tumbo lake lilizaa redio kwanza, halafu likazaa kasha lake. Redio ni dada.

Alipofika mwaka wa nne, dada alipiga simu akataka machipukizi ya migomba kutoka shambani kwetu, ile migomba ya bondeni kando ya kisima. Mama akayajaza kwenye gunia, akanituma chuoni kwake, Machakos mjini, kwa siku mbili. Nilikaa hadi mahafali.

Kazi iliyomfanya dada ahitaji machipukizi ilikuwa hivi. Unalimenya chipukizi, unalimenya tena, hadi kile kitu kilichokuwa kinene kama paja kinabaki kiini kidogo cha kutosha ncha ya kidole. Unakiosha kwa dawa ile ya kung'arisha sare nyeupe. Halafu unakitia kwenye chupa ya jemu iliyo na uji ulioganda wa sukari na dawa za kukuza, unafunika. Kikikaa humo bila uchafu, kinatoa vingine, na hivyo vingine vinatoa vingine, hadi mgomba mmoja unageuka shamba. Lakini uchafu ukiingia, hata ule usioonekana kwa macho, kuvu wanaipata ile sukari kabla ya mgomba. Kwa siku nne chupa inaota manyoya kama paka.

Msimamizi wa dada, mwalimu mmoja mama asiyepandisha sauti kamwe, alimwambia mbele yangu: chupa thelathini safi, zenye miche hai, kabla ya muhula kuisha. Zikikosekana, mwaka unarudiwa. Alisema kwa upole, kama anayekukaribisha chai. Na huku nyumbani mama alikuwa ameshamfunga beberu wa sherehe kwenye mchongoma na kumwonyesha kila aliyepita njia. Watu walikuwa wakimsalimu mama, halafu wanamwuliza hali ya beberu, halafu ya dada. Kwa mpangilio huo.

Maabara ilikuwa na fundi wake, mzee kutoka Muthetheni aliyevaa koti jeupe lililokuwa jeupe zamani. Siku ya kwanza aliniangalia nikiwa nimesimama mlangoni na gunia langu.

"Unajua kuosha chupa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unajua kunyamaza?"

Nikaitikia tena.

"Basi wewe kasichana umesoma kuliko hawa wote."

Juu ya mlango alikuwa amebandika karatasi: HAKUNA KUONGEA. Wanafunzi walidhani ni nidhamu. Haikuwa nidhamu. Chupa zilifunguliwa ndani ya kabati moja la kioo, wazi upande wa mbele, lenye feni ya kusukuma hewa safi, na feni hiyo ilikuwa imechoka. Ilipuliza kama mgonjwa anayepoza uji. "Mdomo wa mtu ni choo," mzee aliniambia nikiosha. "Ukiongea juu ya chupa, umeitemea. Hata kama umesema maneno mazuri." Kwa hiyo kila aliyekaa mbele ya kabati alivaa maski.

Dada alivaa maski. Hilo nataka lieleweke, maana watu wakisikia hadithi hii humwona mjinga, na yeye si mjinga. Aliunguza koleo kwenye moto wa taa, akaosha mikono hadi viwiko, akamenya kiini kama daktari ambaye kanisa lilimtangaza. Kisha, kiini kikishaingia, kabla ya kufunika, alishusha maski hadi kidevuni, akainamia chupa, akaomba.

Kwetu mtu haombi amefunikwa mdomo. Baba aliomba akiwa amevua kofia, mama huweka chini hata kijiko. Na kwetu hakuna kitu kinachoanza bila kuombewa: jembe jipya, boda boda mpya, ng'ombe akipanda gari kwenda sokoni. Dada alijua kuongea kumekatazwa. Ila kwake kuomba hakukuwa kuongea. Kuongea ni na watu.

Chupa kumi na mbili za kwanza ziliota manyoya zote. Za pili pia, nyingine kijani, nyingine nyeusi, moja rangi ya waridi, nzuri sana, hata mzee aliita watu waje waione. Dada alilia kwenye kile chumba chake cha kupanga tulicholala wawili. Halafu akaongeza maombi. Alifunga chakula siku tatu, akakata viini na njaa yake. Zikaota tena.

Katikati ya msiba huo chuo kiliwaita waliomaliza zamani waje waeleze kozi inampeleka mtu wapi. Walisimama pale ukumbini karibu na sinki nilipokuwa naosha chupa. Mmoja alipima maziwa kiwandani, alisema tangu aanze kazi hanywi maziwa. Mmoja aliuza mashine za maabara na alikuwa na gari, kwa hiyo ndiye aliyeulizwa maswali mengi. Mwingine alipima damu ili kuthibitisha nani ni baba wa mtoto. "Kazi ni nyingi," alisema, "lakini wanaume wa kijijini kwetu siku hizi hawanipi hata lifti." Wa mwisho alifundisha biolojia sekondari na kufuga kuku, na alipoulizwa bioteknolojia inamsaidia vipi alifikiri kwa muda mrefu, akasema kuku wake hawafi ovyo.

Dada hakucheka. "Mimi hata hapo kwa kuku sitafika," aliniambia usiku.

Jumamosi alimpigia mama simu, akaiegemeza ndani ya kabati, sauti juu. Mama aliombea chupa moja moja kutoka Ndithini, akawakemea kuvu kwa Kikamba na kwa Kiswahili ili wasipate kisingizio, na kila alipovuta pumzi dada alijibu "Amina!" ndani ya chupa. Na Amina, ukiisema kwa imani, hurusha mate.

Nilikuwa nimeshaanza kushuku. Wiki moja kabla ya hapo dada aliungua kidole kwenye taa, akaniambia nimalizie chupa tano zilizobaki. Nilikuwa nimemtazama siku nyingi, nikajua. Nilikata, nikaweka, nikafunika. Sikuomba. Si kwa kiburi. Mimi hata Mungu namwonea haya, naona nitamsumbua. Chupa zangu tano zilikaa pale kwenye rafu bila unywele.

"Bahati ya mwanafunzi mpya," dada alisema.

Nilichukua ile kalamu nene ya kuandikia tarehe. Chini ya kila chupa aliyoiombea dada nilichora msalaba mdogo. Siku alizochelewa darasani, akafunika haraka bila kuomba, sikuchora kitu. Zile za mama za simu nilichora misalaba miwili. Niliendelea hivyo wiki mbili, na muhula ulikuwa umebakiza wiki saba.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Usiku nilipanga sentensi, asubuhi ikapotea. Na sentensi yenyewe si ya kumwambia dada mkubwa aliyefunga chakula siku tatu. Nilianza kuosha chupa zilizokuwa zimeshaoshwa. Mzee aliniangalia, akasema, "Wewe uko na kitu kimekukwama." Nikachukua chupa nyingine.

Siku ya tatu ya kukwama hivyo niliingia mapema nikapanga rafu upya. Zenye manyoya kushoto, safi kulia. Dada alipofika nikamshika mkono wa koti, nikaigeuza ya kwanza ya kushoto chini juu. Msalaba. Ya pili. Msalaba. Nikaendelea hadi nikafika zile za misalaba miwili, ambazo zilikuwa zimeota hadi kwenye kifuniko. Halafu nikageuza za kulia. Hakuna kitu, hakuna kitu, hakuna kitu. Moja tu ya kulia ilikuwa na msalaba, na hiyo nilimwonyesha pia, maana nilitaka kuwa mkweli.

"Hii misalaba ni ya nini?"

"Ni... uliomba."

Alizigeuza mbili tatu mwenyewe. Alipogeuka macho yake yalikuwa ya mama kabisa.

"Asi! Kwa hivyo unaniambia Mungu ndiye analeta kuvu?"

"Si Mungu."

"Ni nani?"

"Ni mdomo."

Mzee alikuwa mlangoni na ndoo. Aliiweka chini polepole sana, akarudi alikotoka.

Dada hakuniongelesha siku mbili, na kwa redio hizo ni siku nyingi. Aliniambia kitu kimoja tu, tukiwa tunalala: kwamba alikuwa ameomba kila chupa ipone, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake nachora.  Ilikuwa kweli.

Siku ya tatu alikuja maabara, akasimama nje kwenye korido, akaomba huko mara moja kwa chupa zote, macho amefumba, wanafunzi wakimzunguka kama nguzo. Akamaliza, akavaa maski, akaingia, akakaa mbele ya kabati. Hakufungua mdomo hadi saa sita. Nilijua ilivyomgharimu. Kisha akasogea, akanipa koleo la pili, tukakata pamoja.

Siku ya kuonyesha kazi tulikuwa na chupa thelathini na moja. Msimamizi aliziinua kwenye mwanga moja moja.

"Mwanzoni ulipoteza zote. Ulibadilisha nini?"

"Tulipunguza chanzo kimoja cha uchafu kutoka kwa mtendaji," dada akasema.

"Chanzo gani?"

Dada alinitazama nilipokaa nyuma. "Mazoea," akasema.

Dada alifaulu. Wiki ileile msimamizi akaniita, akaniuliza kama ningetaka kubaki hapo nikikata miche, kwa mshahara. Niliitikia kwa kichwa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kwetu kuajiriwa na bioteknolojia ni yule aliyeachia darasa la nane, wakati mwenye shahada alikuwa bado anatuma barua za maombi, za aina ile nyingine, hadi kwa mashamba ya maua ya Mavoko.

"Usiwaambie watu wa nyumbani kabla sijapata," alinisihi.

"Mimi? Niwaambie?"

Alicheka hadi akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile rafu.

Siku ya mahafali beberu alichinjwa nyumbani. Jirani alikuja na mguu mwingine. Watu walimwuliza dada ataajiriwa hospitali gani, akawajibu wote kwa uvumilivu. Kisha sufuria kubwa ikateremshwa motoni, ikafunuliwa, na mchungaji akaombwa aombee chakula. Alisogea hadi ikawa karibu aingie ndani. Alianza na safari ya wana wa Israeli. Mvuke ulimpanda usoni, naye akazidi kuinama, na kwenye mwanga wa jua nikaona kila neno likishuka juu ya nyama.

Nilifumbua jicho moja kumtafuta dada. Yeye alikuwa amefumbua yote mawili. Alitembea kwa vidole katikati ya watu waliofumba macho, joho lake la mahafali likiburuta majivu, akachukua kifuniko, akakiweka juu ya sufuria taratibu, bila mlio.

Mchungaji alifika kwa Amina. Dada ndiye aliyeijibu kwa sauti kubwa kuliko wote.