Siku Haibridi ya Mjomba Ilipoleta Posa

Kwetu Endagikot, Mbulu, gari husikika kwanza, kuonekana ni baadaye. Barabara inapanda kilima mpaka kwenye mikaratusi, kisha inateremka taratibu hadi uwanjani kwetu, na gari lolote, hata liwe jipya namna gani, linafika pale juu likihema. Ukilisikia unajua una nafasi. Mama anavua aproni na kuchungulia kama maziwa yanatosha. Mwingine anaondoa ndala mlangoni. Baba anaacha alichokuwa anafanya, ananawa, anavaa, anakaa kwenye kiti chake na kujifanya alikuwa hapo tangu asubuhi. Mgeni akipiga hodi anakuta familia yenye heshima zake. Wala hatumdanganyi, tunakuwa tumepewa muda wa kujiweka sawa tu.

Hata sisi kwa sisi hakuna anayeingia kwa jirani kimya kimya. Unakohoa toka mbali, unaongea na mbwa, unasalimia watu ambao bado huwaoni. Anayekuja bila kusikika amekuja kuiba ng'ombe, ndivyo baba alivyotulea. Mambo haya hakuna aliyefikiria kumweleza mchumba wangu, kwa sababu nani ana akili timamu akamweleza mwenzake kwamba gari huwa lina sauti?

Mchumba mwenyewe ni bwana shamba, Mhaya wa Kagera, kapangiwa kazi Mogitu, na mimi nafundisha sekondari huko huko. Tulijuana siku alipokuja kukagua bustani ya shule akasema kabichi zangu zina njaa. Nilimwambia njaa anayo yeye, amekonda kama fito. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Mwanaume anayecheka ukimfokea si wa kuachia, kwa sababu mimi kufoka ndiyo lugha yangu ya kwanza, Kiswahili nilijifunza shuleni.

Shida ilikuwa baba. Alishakuja mtu mwingine kuniposa zamani kidogo, mfanyabiashara mwenye maneno mengi, na baba alimrudisha kwa kuwa alikaa mbele ya wazee na mguu mmoja juu ya mwingine. Basi, ikaisha hapo. Baba akisema hapana, hata mchungaji wetu hajaribu kumrudia. Na bwana shamba huyu nilimtaka kwa moyo wote. Wiki nzima kabla ya posa nilikuwa darasani naandika ubaoni na kufuta kabla wanafunzi hawajanakili.

Msemaji wa upande wao alikuwa mjomba wake, mstaafu anayeishi Dar es Salaam. Tulimwomba aje kwa basi, au akodi gari dogo Babati. Akakataa. Alinipigia simu mwenyewe kunieleza kuhusu gari lake, na mimi nilikuwa nachambua mchele, simu nimeibana kwa bega. Ni gari kubwa la kifahari, alisema, viti vya ngozi, na ni haibridi. Yaani lina injini ya petroli na lina mota ya umeme, vinapokezana kazi, na lenyewe ndilo linaloamua nani afanye nini saa ngapi. Nikasema, "Vizuri sana mjomba." Ningejua, ningemwomba aje na trekta.

Jumamosi ikafika. Mjomba na mchumba wangu walilala Karatu, na sisi tukahesabu kwamba watafika alasiri. Mchana huo mimi nilikuwa uwanjani, nywele za upande mmoja zimesukwa na za upande mwingine zimesimama, jogoo wa kuchinja nimemkumbatia kwapani. Mama na shangazi walikuwa jikoni. Baba alikuwa bafuni nyuma ya nyumba, anaoga huku anaimba wimbo wa kanisani, beti zote.

Alipomaliza akakuta taulo lake limelowa. Kwa hiyo akafanya kama mtu yeyote angefanya: akachukua kanga za mama kwenye kamba. Moja akajifunga kiunoni, ya pili akajitanda kichwani na mabegani, maana baridi ya kwetu haina utani. Zilikuwa nyekundu zenye maua ya njano, na maandishi yake yalikuwa ya mapenzi, na yalikuwa yamekaa mahali pabaya. Akakatiza uwanja polepole, bado anaimba. Wala hakuharakisha. Kwa nini aharakishe, na kule juu hakuna kilichosikika?

Mimi ndiye niliyeliona. Gari jeusi, pana kama zizi la ndama, limeshasimama katikati ya uwanja, nyuma ya baba. Hata mbwa, ambaye hubwekea mpaka kivuli chake, alikuwa amekaa analitazama tu. Kioo kikashuka. Mwanaume mwenye suti na kofia akatoa kichwa, akatabasamu kwa adabu zote za kwao.

"Shikamoo mama," akasema. "Mzee yupo?"

Baba akageuka. Sharubu zake zikageuka pamoja naye.

"Marahaba," akajibu, kwa ile sauti anayosomea Neno kanisani. "Hayupo."

Akaingia ndani mgongo umenyooka, na tukasikia komeo la chumba chake. Ndani ya gari niliona uso wa mchumba wangu. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Mbulu ni ngumu wakati wa kiangazi, kwa hiyo nikabaki nimesimama na jogoo wangu.

Baba mdogo, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, akaenda kuongea na baba dirishani. Wakanong'ona kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa anaangalia chini.

"Kaka anasema wageni hawajafika," akasema.

"Mbona sisi hapa?" mjomba akauliza, huku anashuka.

"Anasema hajasikia mtu akija. Mrudi kule kwenye mikaratusi, mje kama watu wanavyokuja."

"Na wasipofanya hivyo?" nikauliza mimi, ingawa haikuwa nafasi yangu kuuliza.

"Basi hawajaja. Na ambaye hajaja hajaposa."

Mjomba, kusema kweli, hakugoma. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, hawezi kuacha kulieleza lile gari. Akaanza kumfafanulia baba mdogo kwamba betri ikiwa imejaa linapanda hata kilima kwa umeme, kama walivyokuja, na kwenye mteremko injini inajizima yenyewe, mota ya umeme inachukua kazi, na ukikanyaga breki betri inajichaji, ndiyo maana linatembea kimya, na watu hulipa pesa nzuri kuupata ukimya huo.

"Liambie lisizime," baba mdogo akasema.

"Haliambiwi. Lina kompyuta."

"Kwa hiyo kompyuta ndiyo inaposa?"

Mjomba akauliza kama anaweza kupiga honi. Mama na shangazi wakamkatalia kwa pamoja. Honi kwetu ni ya msafara wa harusi. Ukipiga honi kabla baba hajatamka kitu, ni kama umeshambeba binti na kuondoka naye, na siku hiyo hatukuhitaji kosa lingine.

Wakapanda. Mwenyezi ni shahidi, wakati wa kupanda, betri ikiwa imeshapungua, lilinguruma vizuri kabisa, kijiji kizima kilisikia, nami nikafurahi. Wakageuza kwenye mikaratusi. Wakaanza kushuka, na kimya kikarudi kilekile. Lilifika uwanjani likiteleza kama paka anayekuja kuiba maziwa.

"Sijasikia," baba akasema kutoka dirishani.

Wakapanda tena, wakashuka tena. Mjomba alijaribu kila kitufe. Akafungua vioo, redio ikawaka, taa za ndani zikabadilika rangi, kiti kikaanza kupata joto, lakini sauti ya gari haikutoka. "Sijasikia," baba akasema. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo nilikuwa nausikia kifuani mwangu. Nilikuwa naona kabisa jinsi nitakavyozeeka pale Mogitu na kabichi zangu.

Mara ya tatu, mchumba wangu akashuka garini kule juu. Nilimwona akivua koti na kulitupa kitini. Akasimama mbele ya gari, akajaza hewa, akaanza kuteremka akipiga kelele. "Hodi! Hodi wenyewe! Tunakuja! Wageni tunakuja!" Tai inapepea begani, mikono hewani, na lile dude jeusi linamfuata nyuma bila hata kupumua. Nilimwonea aibu na nilimpenda, vyote kwa wakati mmoja, na sijui kipi kilizidi.

Sasa majirani walikuwa shambani wanavuna maharage. Walichokiona wao ni hiki: mtu mwenye tai anakimbia mbele ya gari kubwa huku anapiga mayowe, na gari lenyewe linashuka kilima injini haisikiki. Mtu yeyote wa kwetu angesema kitu kilekile. Gari limezimika na breki hazipo.

Na kwetu hakuna anayeliona gari limekufa akaendelea na shamba lake. Mvua zikinyesha barabara inakuwa uji, na kila gari lililowahi kupita Endagikot limewahi kusukumwa na sisi, kuanzia malori ya vitunguu mpaka mabasi yanayopeleka wagonjwa hospitali ya Haydom. Tumezaliwa tunasukuma. Wakatupa maharage, wakaja mbio kutoka pande zote mbili.

Walioshika mbele walikuja kulizuia lisimuue bwana shamba. Gari lilipoona watu mbele yake likaanza kulia pi-pi-pi, skrini ikawa nyekundu, likafunga breki lenyewe likasimama. Hapo ndipo wote walipoamini kwamba limekufa kabisa.

Mjomba akatoa kichwa. "Niacheni jamani, ni zima! Ni haibridi!"

"Tulia mzee wetu," mama mmoja akamwambia kwa upole, "umepata mshtuko. Weka gia huru."

Alibishana nao, lakini angefanya nini? Kila akigusa mafuta, gari linakataa kwa sababu kuna watu mbele. Watu mbele hawaondoki kwa sababu gari limekufa. Mwishowe akaweka gia huru, na wakalisukuma. Na kwetu mtu hasukumi kimya. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, wanawake wanapiga vigelegele, mbwa wote wa mtaa wanajiunga. Mzee wa kanisa aliyeletwa kama shahidi, ambaye alikuwa amelala kiti cha nyuma tangu Karatu, akaamka katikati ya zile kelele na kuuliza kama harusi imeshaanza.

Mimi nilikuwa naangalia mlango wa baba. Kelele zilipofika kwenye migomba ya jirani nikasikia komeo. Akatoka amevaa koti, viatu vyeusi, amechana nywele na sharubu. Akabeba kiti chake mwenyewe mpaka barazani, akakaa, akaweka mikono magotini. Gari lilipoingia uwanjani likisindikizwa na nusu ya kijiji, akatazama kama ndiyo kwanza analiona.

"Naona tuna wageni," akasema.

"Shikamoo mzee," mjomba akasema, na safari hii alivua kofia.

"Marahaba. Poleni na safari. Gari limewasumbua?"

Mjomba akafungua mdomo. Nikamwangalia kwa lile jicho ninalomwangalia mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayetaka kujibu kabla ya kufikiri. "Kidogo," akasema. "Ahsanteni kwa kutusukuma." Nadhani hakuna sentensi iliyomuuma zaidi maishani mwake.

Mazungumzo yalifanyika palepale nje, maana majirani hawakuondoka, walikuwa wamesukuma na walisubiri chai yao kwa haki. Baba mdogo akaongea, mjomba akaongea maneno machache. Mama alikuwa amekaribishwa kuonja kiti cha ngozi, akashtuka kikimpasha joto chini yake, akatoka akijipangusa nyuma na kutazama kama amemwaga kitu. Baba hakucheka. Alikuwa anamtazama mchumba wangu.

"Wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele?"

"Ndiyo baba."

"Koo linauma?"

"Linauma baba." Na kweli sauti ilikuwa imekauka.

Baba akanigeukia. "Mpe chai mwenzako," akasema, halafu akawageukia wazee. "Tumekubali."

Waliondoka jioni. Baba alikwenda kumkamua ng'ombe wake mmoja mkali, ambaye hakubali mkono wa mtu mwingine, na mimi nikaenda kumshikia ndama kama nilivyofanya tangu utotoni. Nilikuwa na furaha, lakini baba hakuimba hata ubeti mmoja, na nilijua nitalala vibaya nisipouliza.

"Baba, bado umekasirika kwa ajili ya zile kanga?"

"Kanga ni nguo," akasema. Akakamua kidogo, kisha akasimamisha mikono. "Nilijua nitakubali. Tangu mama yako aliponiambia habari za huyu kijana, nilijua. Ila nilikuwa nimejipangia. Nikisikia gari kule juu, nitakaa peke yangu chumbani mpaka lifike, nikuage kwanza moyoni. Natoka kuoga, nakuta wameshafika kukuchukua."

Nilishika kamba ya ndama nikalia waziwazi, na baba akaendelea kukamua.