Ndiyo ya Msusi

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Aliitwa Msusi, naye aliitika. Alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, benchi la mbao, kioo kilichopasuka pembeni, na vidole vilivyojua kupasua mstari kichwani ukanyooka bila kumliza mtu. Mwanamke akishaketi chini kati ya magoti ya msusi wake, hana siri tena. Kwa hiyo Msusi alijua nani kaachwa na nani kaposwa, na zaidi ya hayo alijua jinsi mtaa mzima ulivyomchoka diwani wao.

Diwani huyo watu walimbandika jina la Mzee Kesho. Ukimwendea kwa habari ya mtaro ulioziba, kesho. Taa za barabarani, kesho. Saruji ya daraja la mtoni ilikuja kweli, ila iliishia kwenye ukuta wa nyumba yake, na daraja likabaki la magogo. Alikikalia kile kiti tangu Msusi akiwa na meno ya utoto, na kila uchaguzi alipita kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba anaweza kushindwa.

Aliyeanzisha jambo ni wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Mdogo wake alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, na watu walimtania kwamba breki za mtaa mzima anazifunga yeye, ila mdomo wa mkewe umemshinda. Siku moja wifi akiwa amesukwa nusu kichwa, alisema, "Wifi, tunalalamika humu mpaka kuta zimechoka. Simama wewe. Utaharibu nini ambacho huyu hajaharibu?"

Wanawake wakacheka. Kicheko kilipokwisha, hakuna aliyebadilisha mazungumzo.

Mwaka ule mambo yalikuwa yamewafika watu kooni. Wifi alizunguka nyumba kwa nyumba, tumbo la mimba yake ya kwanza likianza kuonekana, akiimba na kuchekesha hata waliokuwa wamenuna. Wagombea wapya walikuwa na msemo mmoja: hatujui kitu, lakini hatujaiba kitu. Kura zilipohesabiwa, wakongwe walikuwa wameng'oka mmoja baada ya mwingine kama meno yaliyooza. Badala yao waliingia fundi redio, muuza mitumba, mchezaji mpira aliyekwisha kustaafu, na Msusi. Wifi alilia kwa furaha hadi sauti ikamkauka.

Ukumbi wa baraza ulikuwa wa baridi, wenye viti vya kuzunguka na vipaza sauti vyenye kitufe ambacho hakuna aliyemwonyesha Msusi namna ya kukibonyeza. Katika kikao cha pili karani alisoma mambo ya kupitishwa mbio mbio, kama mtu anayefukuzwa. Moja lilisema huduma za uzazi ziunganishwe kwa ufanisi zaidi. Msusi aliligeuza kichwani. Huduma ni jambo jema. Kuungana ni jambo jema. Ufanisi nani ataukataa? Hata hivyo kuna kitu kilimkwaruza, akataka kuuliza. Akamtazama fundi redio, akamkuta fundi redio anamtazama yeye. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake awe mjinga wa kwanza. Mwenyekiti akauliza wanaoafiki, wakajibu kwa pamoja kama wanafunzi. Ndiyo ya Msusi ilisikika kuliko zote, kwa kuwa alikwisha ambiwa diwani hanong'oni.

Muda si mrefu chumba cha kujifungulia cha zahanati yao kilitiwa kufuli, na mkunga akahamishiwa hospitali kubwa ng'ambo ya mto. Hapo ndipo Msusi alipojua alichoafiki. Alikwenda ofisini, akapelekwa kwa huyu, akarudishwa kwa yule, mwishoni akaambiwa kwa adabu kwamba lililopitishwa na baraza huondolewa na baraza, asubiri kikao kijacho. Alimweleza wifi yake huku akishindwa kumtazama usoni. Wifi alijishika tumbo akacheka. "Usikonde. Huyu mtoto wa diwani, atasubiri kikao."

Mtoto hakusubiri. Uchungu ulimshika mama yake adhuhuri, mvua ikimwagika tangu alfajiri. Msusi alifunga chumba chake akakimbia na mafuta mikononi. Waliipita zahanati, na wifi aliugeukia mlango wenye kufuli mpaka ukapotea mvuani. Teksi waliyoipata ilifika mtoni, ikakuta magogo yamezama. Dereva akageuza ili azungukie barabara kuu. Fundi baiskeli alikaa mbele, ameshika dirisha kwa mikono miwili. Nyuma, kichwa cha wifi kilikuwa mapajani mwa Msusi. Mtoto wa kike alizaliwa humo garini, akalia. Mama yake alimgusa, akauliza kama ana nywele. Msusi akasema anazo, nyingi. Damu haikukatika. Walipoingia lango la hospitali, Msusi alikuwa amemkumbatia mtu aliyekwisha ondoka.

Baada ya maziko watu walimpa pole Msusi kama walivyowapa wengine, na hakuna aliyemnyooshea kidole. Jioni, wageni walipopungua, mdogo wake alikuja akaketi karibu naye kwenye benchi la nje.

"Dada," alisema, "siku ile barazani, na wewe ulisema ndiyo?"

"Nilisema."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia, akanyanyuka akaingia ndani.

Mzee Kesho naye alikuja kuhani, peke yake, viatu vina matope. Wale waliokuwa wakijaza sebule yake walikwisha mhama. Alimwita Msusi kando ya ukuta. Alimweleza kwamba mpango wa kufunga chumba kile ulikuwa wa zamani. Uliletwa mara kwa mara chini ya majina mapya, naye kila ulipoletwa aliomba uahirishwe, mpaka waliouleta wakachoka.

"Kwa nini hukuniambia?" Msusi aliuliza.

Mzee alitazama chini. "Nilitaka ujikwae, mwanangu. Watu wanikumbuke. Sikudhani atakufa mtu."

Msusi alitamani kumtukana. Maneno yalimjaa mdomoni, yote ya haki: saruji, daraja, miaka yote ile. Lakini kila alipolishika moja, alikuta kando yake limesimama neno lake mwenyewe, lile fupi. Akamwambia tu, "Rudi nyumbani, mzee, mvua inakuja."

Kikao kilichofuata alibonyeza kitufe kabla hajapewa ruhusa, na hakukiachia. Aliongea vibaya, akarudia maneno, akalia katikati. Fundi redio akasimama upande wake, kisha muuza mitumba. Kufuli ilitolewa na mkunga akarudi. Siku ya kufungua walitaka Msusi akate utepe, akasema ana kichwa cha mtu hakijamalizika.

Alimaliza kipindi chake bila kukosa kikao hata kimoja, na kila neno asilolielewa aliliuliza, wakubwa wakacheka, akauliza tena. Daraja lilijengwa. Wakati wa uchaguzi watu walimsihi agombee, akakataa. Walimchagua kijana muuza simu, mgeni kabisa wa mambo hayo, na waliimba kama walivyoimba mwanzo.

Mtoto analelewa na Msusi mchana, kwa kuwa hakuna mwingine. Asubuhi baba yake humleta, humkabidhi mlangoni na kopo lake la uji, humwambia dada yake mtoto kalala vipi, basi. Hajawahi kumpandishia sauti. Zamani alikuwa akiingia bila hodi, akifunua sufuria kabla ya salamu. Siku hizi Msusi akimkaribisha ndani, hujibu kwamba ana baiskeli ya mtu inamngoja, akashukuru, akaenda zake.