Cheti cha Kufuta Sauti

Kazi yangu ni kuuliza vitu viko wapi. Taarifa za mteja ziko wapi, nani anazishika, nani anaweza kuzifungua, na siku tukiachana na huyo anayetutunzia, tutajuaje kwamba hakubaki na chochote. Inaitwa kazi ya uzingatiaji wa kanuni, na ninaifanya katika taasisi ndogo ya fedha pale Kibiti. Wenzangu ofisini hawanipendi kwa ajili yake, wala siwalaumu. Mtu anayekuletea karatasi kumi za maswali kabla chai haijapoa hapendwi popote.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mimi si mzembe. Nimepewa majina mengi, lakini hilo bado.

Miaka michache nyuma tuliamua kuhamishia kumbukumbu za wateja kwenye huduma ya wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni nyingine, huko mbali, ambazo sisi tunazifikia kwa mtandao tu. Sababu ilikuwa nzuri. Mafuriko yalikwisha kuingia kwenye kituo chetu cha upande wa delta na mafaili yakageuka uji. Kanuni ilitaka kila mteja aridhie kwanza. Kibiti mjini, Bungu na Mtawanya tulipita na mashine ya alama za vidole, ikasoma bila shida. Delta ikatushinda. Vidole vya watu wa kule vimesagwa na jembe la mpunga, nyavu na maji ya chumvi, na mashine ilikuwa inalia na kuwasha taa nyekundu kwa kila mtu. Wengi hawaandiki. Tukakubaliana waridhie kwa sauti: mtu anataja jina lake, anasema amekubali, anarekodiwa, basi.

Niliyekwenda Salale, huko delta, kurekodi ni mimi, maana sikumwamini mwingine.

Shida ilikuwa namna ya kueleza. Neno wingu sikulitaka. Kwa mkulima wa mpunga wingu ni habari ya mvua, na mvua ni habari ya mto kuingia shambani. Nikatafuta njia yangu mwenyewe. Nikawaambia: taarifa zenu na sauti zenu zitakwenda kukaa mahali pasipofika maji. Nilijiona mwerevu sana siku ile.

Sikujua nimesema nini. Kule mtandao wa simu ni wa kubahatisha, na watu wamezoea kutumiana sauti kwa kadi ya kumbukumbu ya simu. Mtu anajirekodi, anakifunga kile kikadi kwenye kitambaa, anampa mwenye boti, kinafika kwa ndugu yake naye anasikiliza. Basi akitokea mgeni na kinasa sauti, akasema neno lako litatunzwa pasipofika maji, nani atasema "nimekubali" aondoke? Walikuja wameoga. Wa kwanza alianza kwa Bismillahi, akausalimia ukoo mzima, akaacha wosia juu ya minazi yake. Wa pili alimwomba radhi jirani aliyekwisha kufa. Nikawa nawakata. "Taja jina, sema umekubali, inatosha." Walinitazama kwa huruma, kisha wakatii.

Tulikuwa tumeazima chumba cha madrasa. Watu wanakaa barazani, mmoja mmoja anaingia. Alasiri maji yakaanza kupwa, na mwenye boti akapiga kelele kwamba tukichelewa tutakwama kwenye tope la mikoko mpaka maji yajae tena. Walikuwa wamebaki kama wanane. Ndipo akaingia mama mmoja, mtu mzima, kanga zake mbili safi, mikono inanukia moshi wa kukaushia samaki. Akaketi. Akataja jina lake na la baba yake.

"Nimekubali," akasema. Nikasogeza kidole. Akaendelea: "Na yule mwanangu wa Bungu, mwambieni mimi..."

Nikabonyeza. Taa ya kinasa ikazima.

Hakunyamaza. Hilo nalikumbuka vizuri. Hakujua taa ile maana yake nini, kwa hiyo aliendelea kusema, ananitazama usoni, mpaka akamaliza. Mimi nilikuwa nimegeukia dirishani natazama maji. Kisha akainuka, akajifunga kanga yake sawasawa. "Hiyo ni amana yako, baba," akaniambia, akatoka.

"Mwingine!" nikaita.

Mwaka uliofuata wakaguzi wa mamlaka inayotusimamia walikuja. Wakakuta kwamba sauti zile zimehifadhiwa nje ya nchi na ruhusa ya kuzipeleka huko haikuombwa. Mkataba walikuwa wameusaini wakubwa zangu kabla sijausoma, lakini tuyaache hayo. Wakakuta tena zina maneno ambayo taasisi ya fedha haina haki ya kuyaweka: wosia, magonjwa, siri za ndoa. Nilikuwa nawakata watu, lakini si wote niliwawahi. Wakaguzi walikuwa sahihi kila neno. Ningekuwa mimi ningeandika hivyohivyo, tena kwa ukali zaidi. Amri ikatoka: sauti zote zifutwe kabla ya mwisho wa mwezi, ridhaa zichukuliwe upya mbele ya mashahidi, kampuni ya wingu itoe cheti cha kufuta, nami nitie saini kwamba hakuna nakala iliyobaki popote.

Katikati ya mwezi huo akaja mwanamke wa miaka thelathini hivi, muuza korosho wa pale Bungu mabasi yanaposimama. Alinisalimia kwa heshima zote, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Kaka, mama yangu wa Salale amefariki, mvua hizi zilizopita. Homa. Jirani yake anasema siku mlipokuja na kinasa chenu mama alinitaja. Yeye alikuwa nje, alisikia natajwa, yaliyofuata hakuyasikia."

Nikampa pole.

"Baba alipokufa sikwenda," akasema. "Hata arobaini yake sikwenda. Naweza kukupa sababu, lakini sikwenda. Mama akaleta neno kwamba nisikanyage kizingiti chake. Na mimi nina kiburi, nikasema haya. Nimefika wameshamzika. Sijui amekufa ana radhi na mimi au hana. Nataka kulisikia hilo tu."

Nikamweleza kanuni. Akiba ya marehemu inarithiwa kwa utaratibu wa mahakama, sauti yake hairithiwi. Na sasa iko amri, hakuna ruhusa ya kumsikilizisha mtu yeyote wala kunakili. Nilisema vizuri, kwa vifungu.

"Mie sikuja kuchukua kitu, kaka," akanijibu. "Nimekuja kusikiliza."

Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili, nitawauliza wakubwa. Sikuwauliza. Alipotoka nilifunga mlango, nikavaa spika za masikioni, nikaitafuta sauti ya mama yake. Jina. La baba yake. Nimekubali. Na yule mwanangu wa Bungu, mwambieni mimi. Halafu mlio mdogo, ambao ni kidole changu.

Niliirudia mara tisa. Nikafumba macho nijaribu kukumbuka yaliyofuata. Nakumbuka kanga. Nakumbuka rangi ya tope mikoko ilipoanza kuonyesha mizizi. Nakumbuka mwenye boti alinitukana tusi gani. Mama yule alisema sentensi nzima mbele yangu, hatua mbili kutoka nilipokaa, na sina hata neno moja. Huenda alisema, mwambieni mimi nimemsamehe. Huenda alisema, mwambieni mimi sina mtoto. Yote mawili yanaingia pale bila shida.

Ningeweza kumwita yule dada asikilize hicho kipande. Kwa siku zile nilijiambia kwamba kanuni inakataza, na ni kweli inakataza. Lakini nimeshapindisha kanuni ndogo kwa sababu ndogo kuliko hiyo, sitadanganya hapa. Niliona aibu. Nisingeweza kukaa naye chumba kimoja huku anausikia ule mlio.

Sauti zikafutwa. Cheti kikaja, karatasi moja tu, nzuri, ina muhuri. Pale palipoulizwa kama kuna nakala iliyobaki popote nikaandika: Hakuna. Nikatia saini.

Alirudi siku aliyoahidi. Nikamwambia zimefutwa, kwa amri. Hakulia. Akaniinulia uso.

"Lakini wewe ulikuwepo. Alisema nini?"

Nilikuwa na jibu la kweli na nililijua. Ningesema, nilimkata mama yako kwa sababu maji yalikuwa yanakupwa. Maneno machache tu.

"Alisema, na yule mwanangu wa Bungu, mwambieni mimi nina radhi naye."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema.

Akaficha uso kwenye mtandio wake akalia kwa muda mrefu, na mhasibu akachungulia mlangoni akaondoka. Alipomaliza alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Tangu siku hiyo hunitumia korosho kwa makondakta wa mabasi. Nazigawa ofisini, na kwa mara ya kwanza wenzangu wananichangamkia.

Nilidhani yameishia hapo. Baada ya mwezi hivi akaja tena, safari hii na dada wa mama yake, bibi mkavu asiyecheka. "Mwambie na mama mdogo," akaniomba. Nikakaa vizuri, nikasema, "Alisema hivi: na yule binti yangu wa Bungu, mwambieni mimi nimemsamehe."

Yule muuza korosho akainua kichwa. "Siku ile hukusema hivyo, kaka. Ulisema 'mwanangu'. Ukasema 'nina radhi naye'." Aliyasema taratibu, bila hasira, kama mwalimu wa madrasa anavyomrudisha mtoto kwenye aya. Mama mdogo akanikazia macho.

"Kweli," nikasema. "Nimekosea. Alisema hivyo ulivyosema wewe."

Walipoondoka nilichukua karatasi nikaiandika ile sentensi yote, neno kwa neno, ili nisikosee tena. Naiweka kwenye droo moja na nakala ya cheti. Yule binti amekuja mara mbili tangu hapo, mara ya mwisho na mume wake, na kila nikisikia sauti yake mapokezi naifungua ile droo kwanza, naisoma, ndipo namkaribisha.

Kiapo kinanitisha, nimeomba toba na bado kinanitisha. Lakini kinachonijia mchana kweupe, nikiwa kwenye mkutano, nikiwa nimesimama kusali, ni midomo ya yule mama inacheza huku mimi nageukia dirishani. Najaribu kugeuka nimsikilize. Sijawahi kuwahi.

Na ninapoisoma ile karatasi, mpaka kwenye "mwambieni mimi" naisikia sauti yake, na ile lafudhi yake ya Kindengereko. Yanayofuata nayasikia kwa sauti yangu.