Kaka Yake Bi Mia

Maabara nzima tulimwita Bi Mia, kwa sababu hata mashine ikiwa nzima, yeye seli nyeupe za damu alizihesabu mwenyewe kwenye darubini mpaka zifike mia, kisha anaanza upya kuhakikisha. Ukimsemesha katikati, ole wako! Nimekaa naye meza moja miaka kumi na mmoja, matusi yake nayajua yote.

Kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti, alipokuja kupimwa damu kabla ya kukatwa uvimbe wa saratani kwenye ini, nilimwambia Bi Mia aniachie mimi. "Hebu toka hapa!" Akahesabu mara nne. Kwa kawaida mara mbili zilimtosha.

Tulijua tunachotafuta. Kuna seli zinazojazana mwili unapowaka ndani kwa ndani, na kuna zile za ulinzi. Za kwanza zikizidi mno za pili, saratani ya ini mara nyingi hurudi, hata daktari aikate vizuri namna gani. Za kaka yake zilizidi mara saba. Kwenye fomu aliandika ukweli, sikatai. Uongo aliuweka mdomoni.

Nilikuwepo kaka alipouliza, "Haya, mdogo wangu, damu inasemaje?"

"Safi kabisa. Utatuzika sote."

Jamaa akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akampigia simu binti yake wa pekee, anayesomea unesi nchi ya mbali. "Usije, mwanangu. Maliza masomo. Shangazi yako amehesabu mwenyewe, nawe unamjua!"

Nikamvuta Bi Mia pembeni. "Mwambie!"

"Nitamwambia kidonda kikipona."

Akapasuliwa, kidonda kikapona, hakusema. Kila Jumatatu nilimuuliza, kila Jumatatu alinifokea. Mwezi wa tano baada ya upasuaji macho ya kaka yakawa ya manjano. Wa sita tukamzika, binti akiwa amebakiza mtihani mmoja.

Binti alifika siku mbili baada ya mazishi. Aliomba faili la baba yake, akaisoma ile fomu amesimama, maana mambo hayo kayasomea. Hakupiga kelele. Laiti angepiga!

"Shangazi, ulihesabu mara ngapi?"

"Nne," Bi Mia akajibu.

Tangu siku hiyo hagusi darubini. Anapokea chupa za damu dirishani, anabandika majina, na mgonjwa akimuuliza majibu, ananionyesha mimi kwa kidole.