Mlango Niliowaahidi Wasichana

Kila nikiingia jikoni kwangu nikakuta utumbo unachemka na ndimu na tangawizi, koo linaniwasha, nataka kuhutubia. Msicheke. Mie ni mtu wa darasa la saba tu, lakini nina mabucha matatu, na harusini nikishika maiki, emsii mwenyewe anatafuta kiti. Ufundi huo sikuupata darasani. Niliupata Vingunguti, jirani na machinjio, kwenye banda la mama yangu alilokuwa akiuzia supu ya utumbo.

Nilikuwa darasa la sita nilipogombea ukaka mkuu. Mpinzani wangu, Anodi, mtoto wa karani, aliandikiwa hotuba na baba yake, karatasi nzima, imepigwa chapa. Mie nilikuwa na mama. Alikuwa anasugua sufuria, akaniambia bila hata kugeuka: "Ukisimama mstarini usiwaangalie wote, watakumeza. Mtafute mmoja mwenye shida, muuzie yeye. Wengine watasogea wenyewe."

Siku ya kujinadi, Anodi alisoma vizuri sana, mpaka watoto wakaanza kuchora mchangani kwa vidole vya miguu. Ikaja zamu yangu. Nikaanza kumtafuta mwenye shida. Nikamwona Zuhura wa darasa la tano, kanga ya mama yake kaibana kwapani. Kazi ya ile kanga wote tuliijua. Choo cha wasichana hakikuwa na mlango. Mmoja akiingia, mwenzake anasimama nje kaishika kama pazia.

"Dada Zuhura!" nikapaza ile sauti yangu ya kuitia wateja. "Hiyo kanga utaibeba mpaka lini? Nipe kura, nikupe mlango!"

Vigelegele vilivyopigwa, mwalimu wa zamu aligonga kengele wee, hakuna aliyeisikia. Nilishinda kwa mbali. Anodi alipokuja kunipa mkono akaninong'oneza, "Mlango utautoa wapi, braza? Kwenye sufuria?"

Sikuwa nimefikiria. Wiki mbili wasichana walinikomesha. Kila nikipita, "Kaka mkuu, njoo utushikie kanga!" Mapumziko nikawa najificha nyuma ya madarasa. Mwisho nikagoma kula, mama akanibana, nikasema yote huku nalia. Hakunigombeza. Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Umeuza supu hujaipika, baba."

Jumatatu mlango ulikuwepo chooni, wa bluu, mfupi kidogo chini. Niliutambua, ulikuwa wa banda letu. Kule bandani mama kaning'iniza gunia, akasema afadhali, banda lilikuwa na joto. Nikaamini. Nikapanda mbele ya mstari, "Nimesema, nimetenda!" Wakanibeba juujuu.

Tangu hapo mama akawa anarudi nyumbani kila jioni na sufuria zote kichwani, jiko mkononi, asubuhi anakwenda nazo. Nami nilikuwaga na shughuli zangu za kunyoosha mistari.

Miaka mingi baadaye, fundi alinicheleweshea mlango wa bucha langu la kwanza. Jioni ikabidi nibebe mizani na visu nirudi navyo nyumbani. Siku moja tu, shingo ikakataa kugeuka. Nikasimama katikati ya njia na mzigo wangu, nikaiona ile rangi ya bluu ya mlango wa mama.

Kesho yake nilikwenda Mwananyamala, anakoishi mama na dada yangu. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kwa nini hakuniambia kuwa gunia halifungwi kwa kufuli.

"Si ulikuwa umeshaahidi?" akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Na mie, msemaji wa harusi zote za mjini, nikakaa chini, nikachambua naye.