Kamba na Mapanga Manne

Mimi si mtu mpole na sijawahi kujidai mpole, lakini kabla ya ile droni sikuwahi kumpiga Kamba. Tumeezeka mapaa pamoja tangu ujana, tumegombana karibu kila siku ya kazi, na bado yeye ndiye aliyesimama nami siku ninaoa.

Jina la Kamba tulimpa sisi mafundi wenzake, kwa kumcheka. Mdogo wake alikanyaga bati lililooza juu ya karakana moja, likampasukia, akaangukia sakafu ya zege kwa kichwa. Kamba alikuwa juu palepale na aliona yote kupitia lile tundu. Tangu hapo hapandi mtu kwenye kazi yake bila kamba kiunoni, na fundo analivuta mwenyewe. Kuna siku nilipanda bila kamba kufuata nyundo tu. Alinifuata, akanikaba ukosi huko huko juu na kunitikisa mpaka meno yakagongana.

"Unataka nikukwangue sakafuni kwa koleo kama nilivyomkwangua mdogo wangu?" alinifokea. "Shuka! Shuka kabla sijakuvunja miguu mwenyewe!"

Ndiyo maana aliponunua droni nilimwelewa. Alitaka paa bovu litazamwe kwanza kutoka hewani, ili asipasukiwe mtu mwingine. Alifika nayo kwenye ghala kuukuu tulilopewa kuliezeka upya, jengo lililowahi kuwa kiwanda cha sabuni, bomba la moshi bado limesimama juu ya paa. Aliifungua kwenye boksi kwa vidole viwili, mtu ambaye mifuko ya saruji huitupa kama mito. Kijitabu cha maelekezo kilibaki ndani ya nailoni yake.

"Umejifunza wapi kuirusha?" nikamuuliza.

"Nimetazama video."

"Ukajaribu wapi?"

"Najaribu hapa. Acha kelele bwana, ni vijiti viwili tu hivi. Hata nyundo ina kazi kuliko hii."

Basi akairusha katika uwanja mwembamba kati ya ghala na uzio, mafundi wote tumemzunguka tukichekelea. Mtu asiyekuruhusu kugusa ngazi kabla hajakagua fundo lako alituacha tusimame chini ya mapanga manne yanayozunguka, kama watoto wanaotazama mazingaombwe. Hilo bado linanichemsha damu.

Ilipokaribia mabati ikasimama na kukataa kusogea. Rimoti ikawa inalia. Ilikuwa na kinga ya kuizuia isigonge vitu, na ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

"Inaogopa!" Kamba akasema, akicheka. "Mimi nataka kuona misumari, yenyewe inaniletea woga." Akabonyeza hapa na pale kwenye kioo mpaka ile kinga ikazimika, na droni ikaenda karibu kabisa na bati, mahali ambapo fundi angeweka uso wake.

Upepo wa juu ya paa sio upepo wa chini, kila fundi anajua hilo. Ulipiga mara moja tu. Droni ikajibamiza kwenye bomba la moshi, panga moja likaruka, na Kamba akapiga ukelele: "Chini!"

Kwetu sisi, neno hilo likishatoka huulizi na huangalii juu. Unakimbilia ukutani na kujibana, kwa sababu chochote kinachoteleza kutoka kwenye paa, kiwe bati au nyundo, hurukia mbali na ukuta. Limetuokoa mara nyingi. Kamba alilitoa kwa mazoea, na sisi kwa mazoea tukakimbilia ukutani. Lakini droni si bati. Mapanga matatu yalikuwa bado hai. Ilifika ukingoni mwa paa, ikapinduka, ikageukia ukutani na kushuka ikiusaga. Tungebaki tulipokuwa tumesimama, ingetukosa wote. Mlio wake haukuwa wa kitu kinachoanguka, ukanishangaza, nikainua uso.

Panga lilinikata jicho la kushoto. Sina namna ya kulisema hilo kwa upole. Lilipasua kope, likapasua jicho, likachana shavu hadi karibu na sikio. Niliing'oa droni usoni kwa mkono ikanichana na vidole, nikaibamiza chini na kuipiga teke. Damu ilijaa mdomoni. Kamba alikuja mbio, "Ndugu yangu, ndugu yangu," na mimi nikamdaka shati kwa mkono mmoja na kumpiga ngumi ya mdomo. Nikampiga nyingine. Nilimgongesha kichwa ukutani, na nilitaka kumuua. Hakunyanyua hata kidole. Walinitoa kwake wakinivuta nywele.

Daktari alijitahidi, lakini jicho halikuokoka. Na jicho likienda, ufundi nao unakwenda. Kwa jicho moja nilinyoosha mkono kushika ngazi nikashika hewa. Nilipiga msumari nikapiga kidole. Nikawa mtu wa kushinda kitandani, natukana dari.

Kamba alikuja mara nyingi na mara zote mke wangu alimfukuza. Safari ya mwisho mke wangu alikuwa ananyoosha nguo, akamwendea na pasi ya moto mkononi.

"Shemeji, sogea hatua moja zaidi nikuchome uso na wewe uone raha yake!"

"Nichome, shemeji," Kamba akasema. "Halafu mnisikilize."

Alikuwa na lile boksi kwapani, droni imeshatengenezwa, na pengo mdomoni, kazi ya ngumi yangu. Akasema amekuwa akienda kila asubuhi kwenye uwanja wa mpira usio na watu, kwa mwalimu anayefundisha wapima ardhi kurusha droni. Sasa anajua kukagua mapanga kabla ya kuruka na kuusikiliza upepo. Kinga haizimi, na watu anawaweka mbali.

"Unataka makofi?" nikamuuliza.

"Nataka uirushe wewe. Kwenye ngazi hufai tena, tusidanganyane. Ila kile kioo ni bapa, jicho moja linakitosha. Na hakuna anayelijua bati bovu kama wewe."

"Yaani hiki kilichonitoboa ndicho kinilishe?"

"Ndicho hicho. Kingine sina."

Nilimtemea mate. Alijifuta kwa mkono wa shati, akaketi kizingitini, akagoma kuondoka. Nilimchukia siku ile. Lakini niliichukia zaidi ile dari.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa shule yenye paa lililobonyea. Niliwafukuza mafundi wote wavuke uzio, na mmoja aliyebaki akitabasamu nilimshika shingo na kumsukuma hadi akapiga magoti. Kamba alikuja kusimama karibu nami, nikamtukana, naye akaenda zake. Kisha nikayawasha yale mapanga. Mkojo ulitaka kunitoka. Kovu lilinipwita, na upande wa kushoto, ambako sioni kitu, nilisikia mvumo uleule uliopita usoni kwangu. Nilisubiri upepo utulie. Nikaiinua droni polepole, huku nalia waziwazi mbele ya watu, na chini yake hapakuwa na mtu hata mmoja.